Mchanga wa Misri

Jumatatu, 5 Agosti 1946

Mvua tena. Magunia ya safu ya chini yameanza kunuka ukungu, na bwana mwenye ghala anasema ni mimi sikuyapanga vizuri. Nimeyapanga upya na vibarua wawili. Mgongo unauma.

Jana kanisani Zakayo alitoa tena ushuhuda wake wa Yerusalemu. Ni mara ya tatu tangu turudi kutoka vitani. Zakayo ni fundi cherehani, jirani yangu hapa lokesheni, mtaa wetu Waafrika. Tulikuwa kikosi kimoja huko Misri, tukichimba mitaro na kupakia malori, na tulipopewa likizo tulikwenda Yerusalemu katika lori moja, benchi moja. Lakini ukimsikia utadhani alikwenda mji mwingine. Kwake kuta zinang'aa, kengele zinalia kutwa, watu wanatembea kwa upole. Akina mama wanajifuta machozi.

Mji nilioona mimi ulikuwa wa wauzaji. Lori halijasimama vizuri, tayari wametushika mikono. Huyu mishumaa, huyu maji ya Yordani kwenye chupa, huyu vipande vya msalaba wenyewe, kikapu kizima. Waongozaji wawili waligombana juu yangu, kila mmoja akivuta mkono wake. Kaburi la Bwana tulilosafiri siku nzima kwenda kuliona lilikuwa limefungwa. Mwenye ufunguo amekwenda kula. Lilipofunguliwa tulisukumwa mpaka tukatokea mlango wa pili, na sijui hata niligusa nini. Na huo mto Yordani? Mto wetu hapa, Sosiani, ukijaa kama sasa unaushinda.

Njiani Mama aliniuliza kwa nini mimi sisimami kusema. Nikamwambia koo linaniuma.

Jumatano, 7 Agosti

Zakayo amekuja jioni na kichupa, akampa Mama. Ndani kuna udongo mwekundu, laini kama unga wa wimbi. Kizibo kimefungwa kwa nta yenye alama ya msalaba. Nilikuwepo alipokinunua Yerusalemu. Muuzaji alikuwa na vichupa vingi kama hicho, na nyuma ya duka lake ukingo wa barabara ulikuwa umechimbwa shimo, udongo mwekundu ule ule.

"Mama," Zakayo akasema, "Petro wetu amelala upande ule ule wa Bwana. Shika hii."

Mama akapiga magoti pale pale sakafuni. Mimi nikatoka nje.

Petro alikuwa mdogo wangu. Kabla ya vita alikuwa mpakiaji mizigo hapa stesheni, na aliipenda gari moshi kuliko mshahara. Kwa mlio tu alikuwa anajua ni injini gani inakuja. Alirudi kila jioni na makaa kwenye nywele, na Mama akimketisha chini amchambue kichwa kama anavyochambua maharage. Alikufa Misri kwa homa ya matumbo. Hatukuwa kikosi kimoja. Niliporuhusiwa kwenda kumwona, nilionyeshwa kaburi.

Hakuna kitu pale. Mchanga, waya, misalaba ya mbao katika mistari. Reli imepita karibu hata gari likija misalaba inatikisika. Moshi na makaa juu ya kila kaburi. Nilisimama pale nikaona haya kwa ajili yake.

Kwetu mtu akizikwa mbali, udongo wa kaburi lake hurudishwa ukazikwe kwa baba yake. Nilijaza kopo la sigara. Liko chini ya sanduku langu mpaka leo. Nilisema nitampa Mama kesho, halafu kesho. Ni mchanga mchafu. Mtu hampi mama yake kitu kama kile.

Ijumaa, 9 Agosti

Mama anaimba akipika. Sijamsikia akiimba tangu ilipokuja habari ya Petro, ambayo haikutaja alipozikwa. Amewaambia majirani wote kwamba mwanawe amelala Yerusalemu. Leo alimaliza sahani.

Namchukia Zakayo. Halafu namtazama Mama, simchukii.

Jumapili, 11 Agosti

Wazee wa kanisa wamekubali. Kichupa kitaombewa, kisha twende nacho nyumbani Maragoli tukizike karibu na baba. Mzee mmoja alisema ni heshima kubwa kwa kanisa letu. Wakataka mimi na Zakayo tusimame mbele. Zakayo alisema mengi. Mimi nilisema, "Nilifika," nikakaa. Kuna waliocheka.

Nilimkamata Zakayo nje, nyuma ya kanisa. Nikamwambia unajua udongo ule umetoka wapi, unajua pia Petro yuko wapi. Hakukana. Alisema hakumwambia Mama uongo. Upande ule wote ni nchi za Biblia, na Mama alisikia alichohitaji kusikia. Kisha akanigeuzia kibao. "Wewe bwana ulikwenda kutafuta makosa. Mimi nilikwenda kuomba, na niliomba."

Ni kweli. Sasa nakumbuka. Katika msukumano ule wa kaburini alipiga magoti, watu wakamkanyaga miguu, hakusimama. Mimi wakati huo nilikuwa nagombana na mtu wa mishumaa.

Lakini hilo halibadilishi udongo.

Jumanne, 13 Agosti

Bwana amenipa ruhusa kuanzia Jumamosi mpaka Jumatatu, akaandika kwenye kipande changu, kile cheti cha kazi. Amenuna.

Nimekuta Mama ameshafunga mizigo. Kichupa kiko katikati ya kitambaa cheupe. Alikuwa na swali moja tu, alisema, kwa sababu wazee wa nyumbani watauliza na hataki kubabaika mbele yao. Udongo huu ulichotwa upande wa kichwa cha Petro, au miguuni?

Nilikaa kitako juu ya gunia la viazi. Angeniuliza jambo lingine lolote ningesema ndiyo. Hilo sikuweza. Nikamwambia yote. Kwamba udongo ulinunuliwa dukani. Kwamba Petro hajawahi kuiona Yerusalemu. Kwamba amelala Misri, jangwani, na hakuna hata jani.

Hakulia. Alikifunga kichupa vizuri katika kitambaa, akakiweka mbali naye.

"Misri," akasema. "Yusufu aliwaapisha ndugu zake wasiache mifupa yake Misri. Wewe umemwacha ndugu yako."

Kisha akageukia ukuta.

Jumatano, 14 Agosti

Mama hajala. Bado amegeukia ukuta.

Zakayo amesikia. Alikuja mpaka mlangoni pangu akasimama kwenye mvua, akaniuliza nimepata faida gani. Nilirudi ndani nikakaa karibu na sanduku. Mifupa ya Yusufu iko chini yake, na mimi naogopa kuitoa. Naogopa auone mchanga ule, aone pale mahali kama nilivyopaona.

Mimi ni mtu mzima. Nimepita vita. Naogopa kopo.

Alhamisi, 15 Agosti

Uji tu, vijiko viwili. Mizigo bado imefungwa. Sijui kama tutasafiri.

Ijumaa, 16 Agosti

Leo nimelitoa. Nilirudi kutoka kazini mapema, mvua imekatika, Mama ameketi mlangoni kwenye mwanga. Niliweka kopo mbele yake nikasema, "Sikumwacha. Huu ni wa kichwani." Basi. Nilikuwa nimeandaa maneno mengine mengi, yakapotea.

Alileta ungo. Akamimina mchanga wote, taratibu, hata punje moja isianguke. Akaanza kuuchambua kwa vidole. Nilijua atayafikia, na aliyafikia. Akaokota kipande kimoja, cheusi, akakiweka kiganjani.

"Hii ni nini?"

Nikasema ni makaa. Nikaanza kuomba radhi, kwamba sikuwa na muda wa kuchagua mahali safi, kwamba kila kaburi pale limejaa makaa, kwa sababu reli imepita karibu sana na gari hazikomi mchana na usiku, mpaka misalaba inatikisika.

Mama aliinua uso. "Gari moshi?"

"Ndiyo, Mama."

"Inapita hapo alipo? Anaisikia?"

Nikasema ingekuwa vigumu asiisikie.

Aliokota kingine, na kingine. Vidole vyake vilikwenda vile vile vilivyokuwa vikienda kwenye nywele za Petro. Sasa ndipo alipolia, na kulia huko kulikuwa na kicheko kidogo ndani. Alisema, "Huyu mtoto. Hata huko amechafuka." Nami nikalia. Nilisimama kwenye kaburi lile nikahesabu kila kilichokosekana, na kitu kimoja ambacho ndugu yangu angekitaka kilikuwa kinapita mbele yangu kikinitia moshi machoni.

Alirudisha mchanga wote ndani ya kopo. Nilidhani atatupa makaa. Aliyarudisha pia, moja moja.

Jumamosi, 17 Agosti

Naandika nyumbani Maragoli. Nimechoka, lakini nataka kuandika leo leo.

Asubuhi Mama alimwita Zakayo aje atuombee safari. Alikuja hanitazami. Mama akamrudishia kichupa, akasema, "Chukua, baba. Hii ni ya safari yako. Wewe ulifika." Zakayo alikishika kwa mikono miwili. Aliomba sala fupi, nzuri. Tulishikana mikono.

Basi la Kapsabet linaondoka sokoni, lakini Mama akasema kwanza stesheni. Nikamwambia tutachelewa. Akasema yeye ndiye mwenye mtu wake. Kwetu anayerudishwa nyumbani hapitishwi kimya. Huonyeshwa alipokuwa akikaa na alipokuwa akifanya kazi, na njiani huambiwa amefika wapi. Najua hayo. Ila sikuwahi kufikiri yanahusu kopo la sigara.

Tulisimama mwisho wa jukwaa, mahali Waafrika tunaporuhusiwa kusimama. Gari lilichelewa. Mama alikuwa amelifunga kopo kifuani ndani ya leso, na hakukubali kuketi. Basi letu lazima lilikuwa limeshaondoka. Sikulalamika, na mimi ni mtu wa kulalamika.

Tulilisikia kabla ya kuliona. Mama akafungua leso, akafungua kopo, akaliinua kidogo.

"Petro, hiyo imekuja."

Liliingia kwa kishindo, moshi ukatufunika sote wawili. Wapakiaji walikimbia na mizigo. Mmoja alimtazama Mama, akavua kofia, sijui kama alimkumbuka Petro au alielewa tu. Mama alisimama hivyo hivyo mpaka gari likaondoka, mpaka mlio wake ukapotea kule kwenye mashamba. Makaa yalikuwa yameangukia kitambaa chake cha kichwa. Nilitaka kumpangusa, akanizuia mkono.

"Haya," akaliambia kopo. "Twende sasa. Baba yako anangoja."

Tulipata basi la mchana. Tulipofika Kapsabet akamwambia ni Kapsabet. Tulipofika Kaimosi akamwambia ni Kaimosi. Wazee wa nyumbani walikuwa tayari na shimo dogo kando ya baba. Waliuliza kama alivyosema watauliza. Mama akajibu mwenyewe, wa kichwani, kutoka Misri, penye reli. Akamimina kwa mkono wake. Hakubabaika.

Jumatano, 21 Agosti

Nimerudi kazini jana. Mama amebaki nyumbani. Anataka kupanda mboga karibu na baba na Petro. Chumba ni kikubwa sasa.

Mvua. Magunia ya chini yamekauka kidogo. Zakayo amenishonea mfuko wa koti uliokuwa umechanika, bila kuulizwa.

Asubuhi gari la mizigo limepita. Vibarua waliendelea kubeba. Mimi nilisimama mlangoni mwa ghala mpaka behewa la mwisho likapita. Bwana akaniuliza nangoja nini. Nikamwambia naangalia mvua.