Baba Anakwenda kwa Kasuku

Kaka yangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie wewe, wifi na wanangu wote. Natumaini kile kikohozi kimekuachia. Sisi huku tu wazima, ila mgongo wangu umekuwa kama mpangaji asiyetaka kuhama.

Uliniagiza nimchunguze Baba, nami nimemchunguza. Ni mwezi wa tatu huu, kila Alhamisi saa nne asubuhi anavaa shati lililopigwa pasi, anapaka nywele mafuta, anatoka. Haagi. Unajua tangu apate kiharusi mwaka jana humu ndani ni kutikisa kichwa tu. Saa nane anarudi kachangamka. Nilipekua koti lake, Mungu anisamehe, nikakuta maganda ya alizeti mfukoni na doa jeupe begani. Kisha jirani yetu fundi cherehani akanimaliza kabisa: alimwona kwenye geti la ile bustani ya michezo ya familia, kashikwa mkono na mwanamke mwenye sare ya kijani, tena bado kijana. Nikajisemea, dalili ya mvua ni mawingu. Mzee kashikwa, na nyumba itaondoka.

Alhamisi iliyopita nikamfuata. Akapita bembea kubwa, akapita magari ya kugongana, wala hakugeuza shingo. Akaingia kwenye banda la kasuku, lile la wavu mrefu ambamo watu hutembea katikati ya ndege. Nami nikakata tikiti. Mlinzi akaniambia nivue hereni, maana kasuku hawana adabu na vitu vinavyong'aa. Mlango wa kwanza ukafungwa nyuma yangu ndipo wa pili ukafunguliwa. Kelele zake! Utadhani kikao cha mawifi. Nikajibanza nyuma ya kichaka.

Mwenye sare ya kijani alikuwepo, kakaa na Baba kwenye benchi, bega kwa bega. Damu ikanichemka. Nikasogea nisikie wanapanga nini.

Kaka, Baba alikuwa anazungumza. Alilivuta neno kama mtu avutaye ndoo kisimani: "Ma... maa... maji." Kasuku wa kijivu aliyetua gotini kwake akamrudishia vilevile, "Ma... maa... maji," na Baba akacheka mpaka machozi.

Nilijitokeza, nikamuuliza yule mwanamke kwa ukali anamtakia nini baba yangu. Hakukasirika. Alisema yeye ni mtunza ndege tu, na humshika mkono pale kwenye ngazi za getini kwa kuwa mguu wa kushoto unaburuta. Alishawahi kumuuliza kwa nini asifanye mazoezi ya kusema nyumbani. Baba alichukua muda mrefu, kisha akajibu kwamba ndege hawacheki.

Kuna jambo nilikuficha, kaka. Nilikuambia maradhi ndiyo yaliyomfunga kinywa. Nilikudanganya. Wiki aliyotoka hospitali, sebule imejaa wageni, alitaka kuniomba mto, akasema "mtoto." Akarudia, "Nipe mtoto." Nikacheka. Wageni nao wakacheka kwa sababu mimi nilicheka. Tangu siku ile hakufungua kinywa tena humu ndani, nami nikawa namsemea kila kitu, nikijiona mlezi mwema.

Nilimwomba radhi palepale, mbele ya mtunza ndege na watoto wa watu. Alinitazama sana. Nilidhani atageuka aondoke. Kisha akajisogeza pembeni, akagonga benchi kwa kiganja, akaanza kulitafuta neno. Nililijua kabla halijafika, kaka, likaniwasha ulimini. Nikang'ata meno nikasubiri. "Ka... kaa... kaa hapa."

Kwa hiyo usije kumhamisha kwako kama ulivyokusudia. Jumapili jioni atakupigia simu mwenyewe. Atachelewa kwenye kila neno, na wewe mwenyewe unajijua kwa haraka. Nakuomba, usimmalizie.

Nisalimie wifi sana, na uwabusu watoto.

Ni mimi nduguyo,
Kitinda