Mashavu Yangu Hayadungwi

Jumanne, jioni. Kiangazi kimeshika kweli. Asubuhi baridi ya kukunja vidole, mchana vumbi mpaka kwenye uji. Nimekasirika tangu saa nne na hasira haijapoa, kwa hiyo naandika.

Nianze na aibu yangu kabla ya kusema za wenzangu.

Leo mimi, mhudumu wa zahanati ya kijiji, mwanamke ninayechemsha sindano kila asubuhi na kuwafokea watu wasionawa mikono, nimeoga, nimevaa gauni la kanisani, nikaenda kukaa kwenye kigoda nyumbani kwa wifi yangu Gati ili nidungwe sindano ya kujaza mashavu.

Homa ya matumbo ilinilaza miezi miwili. Nguvu zimerudi, juzi kwenye shamba la kijiji nilimaliza mstari wangu kabla ya wanaume. Uso ndio umegoma kurudi. Mashavu yameingia ndani, macho yamebaki nje yanashangaa. Nilikuwa nimeanza kuzoea, mpaka Marwa, mume wangu, aliponitazama tukila ugali akasema, "Mama Chacha, siku hizi umefanana na marehemu mama." Hakuwa na ubaya. Alimpenda sana mama yake. Lakini mimi nina miaka thelathini na nane, na yule bibi tulimzika hana jino hata moja.

Nililia jikoni. Nimelisema, limekwisha.

Ndiyo maana Gati aliponiletea habari za mtu wake sikumfukuza. Ni kijana aliyetokea upande wa Sirari, mpakani, na mkoba wa ngozi, na wanawake walimpa udaktari siku hiyo hiyo. Ana chupa ya dawa nzito, mafuta matupu ukiitazama. Anadunga palipobonyea, na papo hapo panajaa. Ukitaka mashavu, anadunga. Ukitaka makalio, anadunga vilevile. Gati alidungwa wiki iliyopita, akarudi na mashavu ya msichana, na mimi nikamwonea wivu waziwazi.

Huku kwetu mtu akipewa vidonge anajiona amefukuzwa. Bila sindano hujatibiwa. Tena tangu bwana mifugo aanze kudunga ng'ombe wetu, wamenawiri mpaka migongo inang'aa. Basi watu wakapiga hesabu zao: kilichomfaa ng'ombe kitamshindaje mtu? Nadhani hata mimi niliipiga hesabu hiyo kimoyomoyo, ingawa ningeulizwa ningekataa.

Nikakaa. Nyuma yangu wanawake sita au saba walikuwa wamepanga foleni kando ya ghala la Gati, kama siku sukari inapofika duka la ushirika. Kijana akafungua mkoba, akatoa bomba, akaipangusa sindano kwa kitambaa kilekile alichofutia jasho.

Nikaiona.

Ile sindano naijua. Fupi, nene, na tundu lake punje ya ulezi inapita. Bwana mifugo wetu hana jiko, kwa hiyo huniletea zake nimchemshie, nami huzichemsha pembeni kwenye sufuria yake, maana nilikataa zamani kuzichanganya na za watu. Nimezishika mara nyingi, siwezi kuzikosea.

Nikasimama. "Mura, kijana wewe, hiyo sindano ni ya ng'ombe," nikamwambia. "Na hiyo dawa inaitwaje? Nitajie jina lake."

Akacheka. Akasema dawa ya Nairobi haielezwi kwa wafagiaji wa zahanati.

Mfagiaji! Nikaikamata chupa yake nikaimwaga yote chini, kuku wa Gati wakakimbilia kuonja. Bomba lake nikalitia mfukoni. Akapiga kelele kwamba anakwenda kwa mwenyekiti wa kijiji, nami nikamwonyesha njia. Wanawake nao wakanigeukia mimi, si yeye. Gati ndiye aliyepaza sauti kuliko wote: "Wifi, wewe umeshindwa kunenepa, sasa unataka tukonde wote!"

Saa tisa mjumbe wa nyumba kumi akaleta ujumbe. Kesho asubuhi nifike kwa mwenyekiti nijieleze kwa nini nimeharibu mali ya mtu.

Saa kumi na moja akaja Gati mwenyewe, kajifunika khanga mpaka machoni na jua bado kali. Akaushika mkono wangu akauweka shavuni kwake. Lilikuwa la moto, na ndani yake kitu kigumu, ukubwa wa kokwa la parachichi.

"Tangu lini?"

"Siku ya nne leo. Nilidhani ndiyo dawa inashika."

Ulimi uliniwasha nimwambie, si nilikuambia? Lakini sikuwa nimemwambia. Nilikuwa nimekaa kwenye kigoda.

Tukalia kidogo, wote wawili, kisha nikamkanda kwa maji ya uvuguvugu. Sijui ndani ya lile shavu kuna nini, na sitajifanya najua.

Kesho alfajiri tunapanda lori la pamba mimi na yeye, twende hospitali ya Tarime mjini. Bomba nalibeba, daktari alione. Mwenyekiti atangoja. Nikirudi nitakwenda kwake na nitajieleza mbele ya yeyote atakayemwita, uso wazi, bila khanga, na mashavu haya haya yaliyobonyea. Nimeugua, nimepona, nalima, nafanya kazi. Asiyependa kuyatazama atazame kwingine.

Marwa nimemwambia nilipomwekea chakula: kama kweli nimefanana na mama yake, basi kuanzia leo aniamkie.

Alidhani natania. Nimesimama pale na bakuli la mboga mkononi mpaka alipotamka shikamoo.