Wavu Mlangoni mwa Mzinga

Nachingwea, 4 Julai 1998

Mjomba Isihaka,

Shikamoo. Natumaini barua hii itawakuta salama, wewe na mkaza mjomba Rabia, na kwamba kifua chako kimestahimili baridi. Mimi ni mzima. Shule imefunguliwa, na wanafunzi wa biolojia wamekwisha kunimaliza sauti.

Nimekupelekea wavu wa kumzuia malkia. Matundu yake yamepimwa: nyuki vibarua hupita, malkia na madume hawapiti. Ulaze ndani ya mzinga wa sanduku, juu ya chumba cha majana, yaani watoto wa nyuki, chini ya chumba cha asali. Malkia atataga chini tu, na masega ya juu yatakuwa asali tupu.

Mpwa wako,
Jamali

Chinongwe, 26 Julai 1998

Mpwa wangu Jamali,

Marahaba. Salamu zimefika, na wavu umefika. Tu wazima, ila kikohozi, nacho nimekizoea.

Sasa nisikilize, mwalimu. Majirani wameanza kupuliza salfa kwenye mikorosho. Unakumbuka mwaka jana: vumbi lile la manjano liliingia mzingani, na kesho yake nyuki wote walikuwa wamehama. Nikawaza: ikiwa malkia hapiti, na wenzake hawaendi bila yeye, kwa nini niuweke ndani? Nimeupigilia mlangoni. Jumatatu walipopuliza, kundi lote lilitoka, likaning'inia mkoroshoni kumngoja bibi harusi wao, kisha likarudi kimya. Nilicheka peke yangu. Hilo hukufundishwa chuoni.

Mjomba wako,
Isihaka

Nachingwea, 3 Agosti 1998

Mjomba,

Shikamoo. Niwie radhi kwa kufupisha salamu.

Hoja yako ni sahihi, na ndiyo maana naiogopa. Wavu ukikaa mlangoni zaidi ya siku chache, madume hufia kwenye matundu, mlango huziba, na kundi linalotaka kuhama lisiweze huwa kali kupita kiasi. Mzinga ule uko kando ya njia ya kisimani. Mzuie kila mtu kupita hapo. Wewe pia usiusogelee. Nitakuja na mavazi ya kujikinga mitihani ikiisha, Ijumaa tarehe 14. Nijibu, nijue kuwa umeipata hii.

Jamali, mpwa wako

Chinongwe, 9 Agosti 1998

Mpwa wangu,

Hatujambo, ingawa silisemi hilo kwa sauti ile ya juzi. Kama uliniandikia, barua bado haijafika.

Mzinga unanguruma kutwa, hata salfa isipopulizwa. Jana jirani yangu Saturnini alimfunga mbuzi wake karibu na pale. Tulipofika mbuzi alikuwa amevimba macho na ulimi, na hakuna aliyethubutu kwenda kuikata kamba. Mke wangu alikuwa akizunguka porini kwenda kisimani. Leo alichoka kuzunguka, akapita njia ile, wakamuuma shingoni. Anasema si kitu, lakini hawezi kushika kikombe.

Wavu niliupigilia mimi, sitamtuma mwingine. Kesho alfajiri, wakiwa wamezubaa kwa baridi, nitajifunga shuka usoni niung'oe kwa koleo. Ukitoka nitakurudishia.

Mjomba wako,
Isihaka

Nachingwea, 12 Agosti 1998

Mjomba Isihaka,

Shikamoo. Mmeamkaje, wewe na mkaza mjomba?

Barua yako na kifurushi vimefika leo kwa gari moja. Barua ni ya tarehe tisa. Kifurushi hakina tarehe wala jina. Ndani mna wavu, na misumari yake imepinda. Umefungwa kwa shuka lako, lile la mistari ya kijani nililokuletea Idi. Kwenye mikunjo yake mna miiba ya nyuki; nilianza kuihesabu, nikaacha. Dereva anasema alikabidhiwa na mwanamke aliyejitanda khanga hadi machoni.

Basi wavu ulitoka. Hilo tu ndilo ninaloweza kulithibitisha.

Mitihani nimemwachia mwenzangu. Gari linalorudi huko leo limejaa. Limekubali barua, si mimi. Kesho ndilo litakalonichukua. Nimemwomba dereva asimame mlangoni kwako mpaka ajibiwe, maana nataka kujua kabla sijapanda. Andika neno moja nyuma ya karatasi hii, mjomba, hata bila salamu.

Mpwa wako,
Jamali