Jeli ya Saa Sitini

Jumatatu, 3 Machi
Muuguzi kanipima asubuhi. Anasema moyo wangu unadunda kwa kusuasua, kama kibarua anayesubiri kufukuzwa. Nikacheka. Nikakohoa. Nikajuta kucheka.

Mchana mjukuu wangu kaja na kibakuli cha kioo. Ndani, kipande cha jeli, kidogo kuliko harage. Kikavimba. Kikasinyaa. Kikavimba tena — peke yake! Hakina waya wala betri. Maji ya kemikali kinamolala ndiyo chakula chake. Miaka thelathini na moja sijakiona.

Anataka kiendeshe roboti laini, kijibomba cha kusukuma dawa pole pole bila umeme. "Babu, si jeli yako hii?" Yangu. Wote wanasema yangu.

Jumatano, 5 Machi
Jeli yake imekufa. Ilidunda saa nane tu. Makala yangu ya utafiti inasema saa sitini, bila kuguswa. Miaka miwili anairudia, haijawahi kuvuka nane!

"Mikono yangu ni ya kufulia nguo, Babu, si ya maabara." Keshokutwa anapeleka barua ya kuacha shahada.

Na mimi nikamwambia nini? Kazana. Mshenzi mimi.

Alhamisi, 6 Machi
Basi niandike. Mama Chupa, fundi wetu wa maabara, ndiye aliyekuwa akifungua mlango kila asubuhi. Makala ilikuwa imetoka wiki moja nilipomkuta ameinamia kibakuli, kidripu cha kudondoshea maji mkononi. Nikamuuliza, unafanya nini?

"Nakilisha, Profesa. Kila asubuhi nakikuta hoi, nakionea huruma. Nakibadilishia maji kidogo."

Kumbe zile saa sitini zilitokana na maji yake. Kila asubuhi! Akauliza kama ameharibu. Nikamwambia hapana, ila asimwambie mtu. Alipokuja mara ya pili kusema makala isahihishwe, nikamhamishia stoo. Akastaafu hukohuko. Hakuniaga.

Ijumaa, 7 Machi
Nimemwambia mjukuu. Barua alikuwa nayo mkononi. Sikupamba neno.

Nilitegemea matusi. Akacheka! Kicheko kifupi, kikavu, kilichonitisha.

"Kwa hiyo mikono yangu mizima?"

Mizima, mama.

"Na huyo Mama Chupa yuko wapi?"

Sijui. Sijui hata kama yu hai. Sijawahi kuuliza — nimelisikia hilo likitoka kinywani mwangu, nikashtuka kama limesemwa na mtu mwingine.

Barua ameichana. Kisha akaketi ukingoni mwa kitanda, palepale alipoketi miaka miwili iliyopita, kabla hajachagua utafiti huu, aliponiuliza kama zile saa sitini ni za kweli. Siku ile nilimjibu ni za kweli.

Sasa anauliza, taratibu: "Siku ile, Babu, ulikuwa umesahau?"

Kanifungulia mlango wa kutokea. Mzee wa miaka themanini na minne akisema alisahau, nani atabisha? Kwa mdomo ningedanganya tena. Nikaonyesha daftari kwa kidole. Akanipa, na kalamu.

Simu yake inaita. Haipokei. Anautazama mkono wangu, anadhani naandika jibu. Sikusahau. Nimeliandika neno hilo, nimemgeuzia daftari. Amelisoma.

Ameona ukurasa uliotangulia, na jina la Mama Chupa. Ananyoosha mkono. Analitaka daftari lote —