Pikapu Iliyotetemeka

Mwende mjukuu wangu,

Huku Kalama sisi ni wazima, na mbaazi zimeanza kutoa maua. Unasema gari lako kuukuu linatetemeka likisimama, na fundi anataka kubadilisha injini.

Pikapu ya babu yako ilitetemeka hivyo nikiwa bibi arusi mpya. Fundi wa Masii alisema injini imekufa, na asubuhi hiyo mama mkwe alitakiwa hospitali Machakos. Babu yako akaiwasha tena. Mimi nilisikia kitu kikifyonza. Nikachukua kipande cha mpira wa maji, ncha moja nikaiweka sikioni, nyingine nikaipitisha polepole juu ya injini. Kwenye paipu moja nyembamba sauti ikawa kubwa. Ilikuwa imepasuka, na injini ilikuwa inavuta hewa hapo.

“Funga hapa,” nikamwambia.

Akaizungushia kipande cha tyubu, akaikaza. Injini ikatulia.

“Kumbe ni hewa tu,” akasema, akacheka mpaka akafuta machozi.

Mama mkwe akapanda mbele, akanisogezea nafasi kando yake. Tangu niolewe nilikuwa nikipanda nyuma.

Lisikilize lako kwanza, mama, halafu unipigie simu.

Susu yako,
Kanini