Jina la Kumi na Saba

Jumapili, 16 Februari

Sijamwambia mtu yeyote, hata Zoti Gjergji, kasisi wetu, aliponishika kichwa leo asubuhi baada ya ibada: jana nilimwona Baba.

Baba amekufa. Huu mwaka wa sita. Alikuwa akifanya kazi jikoni kwenye meli ya Palermo na Napoli. Alfajiri moja wakakuta koti lake na viatu kwenye sitaha, vimepangwa vizuri kama mbele ya kitanda. Mwili haukuonekana. Kaburi lake hapa Hora, mji wetu wa mlimani, lina koti tu.

Jana Mama alinipeleka Palermo kununua viatu. Sokoni Ballarò, Mama akiwa anabishana na muuzaji, akapita mtu na kreti la machungwa begani. Sikio la kushoto limechanika nchani. Baba aling'atwa na mbwa akiwa mdogo — pale pale! Akageuka. Akaniona.

Na mimi, hili ndilo baya kuliko yote, nikajificha nyuma ya makoti yaliyotundikwa. Sikuita. Nilibana pumzi mpaka akapotea.

Binti gani huyo?

Jumatatu, 17 Februari

Bibi ameweka sahani ya ziada mezani na taa ya mafuta dirishani. Wafu wetu hawangoji Novemba kama wa Palermo. Wanaachiwa sasa, kabla ya Kwaresima, wiki moja. Jumamosi majina yao yanasomwa kanisani, nao wanarudi makaburini wakilia.

Nikamuuliza huku naosha vyombo, kama mtu asiye na neno: eti mfu anaweza kuonekana mchana?

"Wiki hii? Mbona wamejaa! Leo asubuhi nimempisha marehemu Mara, yule mke wa mwoka mikate. Kanuna vile vile, kama alivyokuwa hai."

"Sasa Bibi, utajuaje kama ni mfu?"

"Mpe chumvi. Mfu hali chumvi." Akaniangalia. "Mbona umepauka? Umemwona nani?"

"Sijaona mtu."

"Haya. Ukimwona Mitri wangu, baba yako, mwambie sahani yake ipo."

Bakuli likaniponyoka. Vipande vitatu.

Jumanne, 18 Februari

Shuleni mwalimu kaniita nisome mbele ya darasa. Lugha mbili wanatufundisha, ya kwetu na Kiitaliano, na kwa zote mbili nashindwa kufungua mdomo. Wamecheka.

Baba aliniona. Kwa nini naye hakuniita?

Jumatano, 19 Februari

Nimetoroka shule. Mimi! Ambaye hata ruhusa ya kwenda chooni naona haya kuomba.

Simu niliiacha chini ya mto, maana Mama huangalia humo niko wapi. Kwa hiyo sikuwa na ramani. Nilijiambia Ballarò ni soko kubwa, halikosekani. Basi likanishusha stesheni, nikafuata harufu ya samaki, nikatokea kwenye kanisa lisilo na paa. Mti umeota ndani, katikati, umenyoosha matawi kama anayehubiri. Hapakuwa na mtu. Nikageuka nirudi — na njia niliyorudia haikuwa ile niliyoijia.

Nimepita Palermo mara ngapi na Mama? Mia. Sikuwahi kuiona. Ukiwa peke yako inakufungia milango. Vichochoro vinapinda vinarudi vilikotoka. Kuna jumba lililopigwa bomu enzi za vita, nusu imebaki. Ghorofa ya tatu kuna mlango wa bluu, umefungwa, na nyuma yake hakuna chumba, ni mbingu tu. Nilisimama chini yake nikawaza: mtu akiufungua kwa ndani?

Nikaondoka mbio.

Kila mwanamume aliyepita nilimtazama masikio. Mmoja akaniuliza, "Vipi, yamechafuka?" Nilitamani ardhi inimeze. Juu kwenye vibaraza wanawake walikuwa wanaanika shuka, na kila shuka ikipulizwa nyuma yake palikuwa na umbo la mtu. Shuka ikitulia, hakuna mtu.

Mama mmoja anakaanga bajia za dengu kwenye kona. Nilipita kwake. Nikapita tena. Mara ya tatu akanyoosha kijiko:

"We msichana! Unatembeza kivuli chako au umepotea?"

"Namtafuta... mjomba wangu."

"Mjomba hana jina?"

"Ana sikio limechanika."

Mzee aliyekuwa anakula pale akaacha kutafuna. "Sikilizeni lafudhi! Huyu Mgiriki wa kule mlimani." Ndivyo watu wa Palermo wanavyotuita, miaka mia tano sasa, ingawa sisi si Wagiriki, ibada yetu tu ndiyo ya Kigiriki. "Marehemu baba alisema, ukikutana na Mgiriki na mbwa mwitu, mwache mbwa mwitu aende zake, risasi mpe Mgiriki."

"Fofò, funga bakuli lako! Mtoto kawa mwekundu kama nyanya." Halafu kwangu, taratibu: "Huyo ni Nino wa machungwa. Shuka hapo, kwenye sanamu ya Bikira yenye taa shika kushoto, mlango wa kijani. Leo hakufungua genge, anaumwa. Chukua, mpelekee. Hajala huyo." Akanifungia mkate wenye bajia, akanyunyiza chumvi. Chumvi nyingi.

Nino. Nani Nino?

Mlango ulikuwa wazi. Chumba kimoja, kiko chini kuliko barabara, pazia katikati. Alikaa kitini na blanketi miguuni. Mchana kweupe, na jua la Februari lilikuwa linafika mpaka magotini pake, halipandi zaidi.

"Doro," akasema, kwa lugha yetu. "Umekuwa mrefu."

Nikampa mkate. Nilimtazama kinywani kama daktari. Akala. Akala wote, akalamba chumvi vidoleni.

Basi ni mzima. Mungu nisamehe, afadhali angeiacha chumvi.

Chini ya pazia nikaona kandambili za mwanamke. Na miguu ndani yake. Imesimama, inasikiliza.

Nikatoa neno pekee nililokuwa nalo: "Bibi anakuwekea sahani."

Akafumba macho. "Bado wananisoma? Jumamosi?"

"Kila mwaka. Wa kumi na saba, baada ya Babu."

"Najua. Huwa nahisi." Akafunua blanketi. Soksi tatu tatu. "Wiki hii ikianza, baridi inaingia vidoleni, na Zoti akisoma jina inapanda. Mwaka wa kwanza nyayo tu. Mwaka jana ilifika kiunoni, wiki nzima siwezi kusimama. Daktari haoni kitu. Mtu wa hapa ukimwambia atakucheka."

"Mbona uliondoka?"

Akavuta soksi juu. "Nilitaka nilale siku moja bila mtu kuniita. Baba, mwanangu, mume wangu, Mitri lete, Mitri njoo. Siku moja tu, Doro. Kisha nikasikia kengele zimepigwa, mmenizika. Ukishazikwa unarudije? Unabisha hodi unasema nini?"

Nilitaka kumpiga. Nilitaka kumkumbatia. Nikasimama tu kama nguzo.

"Nitawaambia," nikasema.

"Ukawaambie nini? Bibi yako amelia miaka sita, ajue alikuwa analilia mwanamume muuza machungwa? Utamuua. Na mama yako watamcheka Hora nzima. Waache wasome."

"Na baridi?"

Akauliza, "Orodha ya wafu anaandika nani siku hizi? Bibi yako hajui kusoma."

"Mimi."

Akanitazama. Hakuomba. Laiti angeomba! Alinitazama tu, akarudisha blanketi juu ya miguu.

Kurudi stesheni sijui nilipita wapi. Mtu alikuwa anatembea nyuma yangu. Nikisimama anasimama. Sikugeuka, maana Bibi anasema wiki hii usigeuke. Kwenye basi nikajishika mkono: ulinuka bajia na machungwa. Mkono wake ulikuwa na joto nilipompa mkate. Hilo naliandika nisije nikalisahau. Ulikuwa na joto.

Alhamisi, 20 Februari

Mama amekuta tiketi ya basi kwenye koti langu. Nikangoja kofi.

"Kulikuwa na baridi huko?"

"Kidogo."

Akaitumbukiza tiketi jikoni kwenye kuni, akasimama mpaka ikaisha yote. Hakuniuliza zaidi. Sielewi.

Ijumaa, 21 Februari. Mchana

Nyumba nzima inanuka ngano ya kuchemsha. Kesho itabarikiwa, tutagawa kwa majirani, na majina yatasomwa.

Bibi amekaa kitandani kwangu akitaja, mimi naandika. Hasomi, lakini huwezi kumdanganya: akimaliza huweka punje ya ngano juu ya kila mstari, na anajua ni punje ngapi. Kumi na tisa. Mstari mtupu hata kipofu atauona.

"Kumi na sita, babu yako, Mungu amrehemu na uchoyo wake. Kumi na saba, Mitri wangu. Liandike vizuri hilo. Uliandike kubwa."

Nikaburuza kalamu juu ya karatasi bila kuigusa. Akaendelea: kumi na nane, kumi na tisa. Kisha akashuka kuepua sufuria. Atarudi na punje zake.

Mstari wa kumi na saba ni mweupe.

Nikiliandika, kesho baridi itapita kiunoni. Baada ya kiuno ni nini? Ni tumbo, ni moyo. Na mwandiko ni wangu. Nisipoliandika, Bibi ataniuliza kwa nini, na mimi sijui kumdanganya Bibi, masikio yananiiva mekundu. Nitasema yote. Halafu nani atakayekufa?

Labda niandike jina la mtu mwingine. Bibi hatajua mpaka kanisani. Lakini jina la nani? Kila jina lina mwenyewe. Nimefikiria langu. Nimeliandika pembeni kwa penseli kuona linavyokaa, na miguu ikaanza — hapana. Ni sakafu tu. Sakafu ya mawe ni baridi. Nimelifuta.

Bado linaonekana kidogo.

Hatua kwenye ngazi.

Bibi hupumzika kila ngazi ya tatu. Hizi hazipumziki. Ni Mama. Mama anajua kusoma. Amesimama nje ya mlango, haingii. Namsikia anavyohema.

"Doro." Chini chini, Bibi asisikie. "Lile la Mitri umeshaliandika?"

Nafunika mstari mweupe kwa kiganja.

"Usiliandike, mwanangu. Mwaka huu hatavumilia."

Anajua! Ndiyo maana juzi aliniuliza baridi ya huko! Tangu lini? Mama, tangu lini — kitasa kinazunguka, naficha ukurasa huu chini ya