Mwenye Zamu

Tunis, 20 Februari 1997

Baba yangu mheshimiwa,

Assalamu alaikum. Nakubusu kichwani kutoka huku mbali. Magoti yako yanasemaje na baridi hii? Mimi ni mzima, na kaka Sliman hajambo. Jana nilimpitia dukani nikamkuta ndani ya koti lake la kijivu, anampimia bibi mmoja zeituni huku wakibishania hali ya hewa.

Nina habari. Baada ya miaka yote hii ya kufundisha ujasiriamali chuoni, nimeomba uprofesa kamili. Mkuu wetu wa idara, Profesa Lamin, aliniita. Alisema kazi yangu ni safi, ila mada ndiyo inayoniangusha. “Dada Salha, sisi tunataka viwanda, tunataka mabenki, wewe unatuletea maduka ya Wajerba! Tafuta jambo jingine, na mwezi wa Juni nitakuunga mkono.”

Nimemjibu kwamba sibadilishi. Nataka kueleza jinsi ndugu wawili wasio na mkopo wala mkataba wanavyoshika duka moja kwa zamu, mmoja akiuza Tunis, mwenzake akipumzika kisiwani kwetu Jerba, na duka lisifungwe hata siku moja tangu kabla sijazaliwa. Vitabu vyetu havina jibu la hilo. Naomba ruhusa nianze na duka letu: wewe na marehemu ami Ayub, na sasa Sliman na binamu Masud. Nitaeleza pia kwamba lilianza kwa vikuku vya mama.

Barua hii anakuletea Masud, ambaye zamu yake imekwisha.

Binti yako,
Salha

Jerba, 3 Machi 1997

Binti yangu Salha,

Waalaikumu ssalamu. Tu wazima. Magoti yananiuma kama desturi yake, wala hayahitaji kusalimiwa. Mama yako anakuletea unga wa shayiri na chupa ya mafuta.

Ruhusa hupati. Huko Tunis mtu akitaka kumtukana bahili humwita Mjerba. Wanatucheka tukiwa hai; unataka watucheke hata kitabuni? Nilikupeleka shule usije ukauza sabuni, nawe umekwenda kusomea sabuni! Mpe huyo mkuu anachotaka. Viwanda vina ubaya gani?

Na vikuku vya mama yako havimhusu mtu. Watu wakisikia kwamba duka la Yunes lilisimama kwa dhahabu ya mkewe, nitawatazamaje msikitini? Ukiyaandika hayo, Idi Kubwa usije.

Masud ananilalamikia kwamba Sliman amehamishia chumvi kwenye rafu ya sukari. Nimemnyamazisha. Aliye mapumzikoni hamkosoi mwenye zamu. Hiyo ndiyo sheria yetu.

Baba yako,
Yunes

Tunis, 19 Machi 1997

Baba yangu,

Assalamu alaikum. Mafuta yamefika salama. Nimeyala na mkate mtupu, nikaona nimekuja nyumbani. Mnaendeleaje?

Sheria uliyomkumbusha Masud ndiyo iliyo katika sura ya kwanza ya kitabu changu, nami naishika. Darasa ni duka langu, na mwenye zamu ni mimi. Profesa Lamin nimemkatalia mara ya pili. Wewe pia nakukatalia, kwa adabu zote.

Kuhusu vikuku, nilimwuliza mwenyewe kwa simu ya jirani yenu. Mama alisema, “Andika. Vilikuwa mikononi mwangu, si mwake.”

Nitasimama mbele ya jopo la uprofesa tarehe 12 Juni. Ukumbi u wazi kwa yeyote. Idi sitakuja, kwa kuwa umesema.

Binti yako,
Salha

Jerba, 25 Machi 1997

Salha,

Wewe ni nani wa kuwa na zamu? Zamu ni ya wanaume. Salamu za mama yako zimo humu kwa sababu amenisimamia mlangoni.

Yunes

Tunis, 20 Aprili 1997

Baba yangu,

Idi njema. Tulichinja kwa Sliman. Nyama ilikuwa nyingi, maneno machache. U mzima? Mama mzima? Sijapata neno lenu.

Binti yako,
Salha

Tunis, 13 Juni 1997

Baba yangu,

Assalamu alaikum. Sikuulizi hali, maana jana nilikuona kwa macho yangu.

Nilikuwa katikati ya maelezo Profesa Lamin aliposema, “Mama Profesa, kabla hujaendelea, nipimie robo kilo ya zeituni!” Ukumbi ukacheka. Nikamwambia, “Panga foleni, Profesa. Wamekutangulia Wajerba.” Nilisema kwa hasira tu. Ndipo nikasikia kicheko cha safu ya nyuma, nikainua macho. Makoti ya kijivu ya wenye maduka wa Kijerba, safu nzima! Sliman kati yao, mama kando yake, na wewe na kofia yako nyekundu. Kichwani lilibaki swali moja: nani yuko dukani?

Nilipofika kwenye vikuku nilikutazama. Hukuinamisha kichwa.

Wamenikatalia, baba. Niombe tena mwakani, wanasema, kwa mada nyingine. Asubuhi hii nimewaandikia kwamba nitaomba tena mwakani, kwa mada ileile.

Mbona mliondoka bila kuniaga?

Binti yako,
Salha

Jerba, 24 Juni 1997

Binti yangu Salha,

Waalaikumu ssalamu. Tumefika salama, ila magoti hayajalisamehe basi lile. Mama yako ni mzima, anasema umekonda, na unga unakuja.

Tuliondoka kwa sababu wateja walikuwa wakigonga mlango wa duka. Sliman alifunga duka. Sikumwamuru; mwenye zamu haamriwi. Nilimwambia tu kwamba mimi nakwenda kukusikiliza, akachukua ufunguo. Wenzake wa mtaa wakamwona, nao wakafunga. Mtaa mzima ukakosa chumvi mchana kutwa. Na wakose.

Hivyo kitabu chako sasa kina kosa. Umeandika kwamba duka letu halijafungwa hata siku moja. Sahihisha, na sababu uiandike.

Msikitini mtu mmoja aliniuliza habari za vikuku. Nikamwuliza vya mkewe viko wapi.

Mwakani huyo Lamin akitaka zeituni, umjibu upendavyo. Usiniandikie kuniomba ruhusa. Mimi niko mapumzikoni; mwenye zamu ni wewe.

Baba yako,
Yunes